Mlima wa Kumi na Mbili

Masanja rafiki yangu,

Leo nitakugombeza kwanza, salamu baadaye.

Kalenda yako bado iko ukutani. Mwaka umeisha, mwingine umeingia, na mkeo Mama Kulwa hajaitoa. Ni ile uliyopewa bure na mnunuzi binafsi wa pamba, ukaandika mlima mmoja kila mwezi. Milima kumi na moja ina alama yako. Desemba, Kilima cha Nyuki, hakuna kitu.

Unakumbuka watu walivyotucheka? Tulipopunguzwa kazi chama cha msingi cha pamba, walitegemea tutashika jembe kama wenzetu. Badala yake wapima pamba wawili wazima wanapanda milima, hawatafuti kuni wala ng'ombe aliyepotea. Jirani yako Jilala alishikilia kwamba tumegundua dhahabu. Mara mbili alitufuata na sururu ndani ya gunia. Hata msibani kwako alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Sasa niambie ukweli, mlikuwa mnatafuta nini?" Nikamwambia tulikuwa tunatembea. Hakuniamini.

Wewe ndiye uliyesema, "Miaka yote tumeandika malengo ya wakubwa. Mwaka huu tujiwekee yetu, na tusidanganye." Nilielewa. Tuliandika "lengo limefikiwa" misimu mingapi, huku pamba ya watu inanyeshewa nje ya ghala? Ghala lenyewe siku hizi wanauzia mitumba, ungecheka. Ndiyo maana ukaweka sheria yako ngumu: mlima hauhesabiwi kileleni, unahesabiwa nyumbani. Mpaka Mama Kulwa atupe kata ya maji, aulize, "Mmerudi?" nasi tujibu, "Tumerudi," ndipo unashika kalamu. Ule mwezi nilioteguka mguu, ukanikokota kwa baiskeli ya kuazima, ulinishusha kabla ya kufika ili niingie uani kwa miguu yangu. Nilikutukana sana siku ile.

Desemba tulifika juu, Masanja. Tulikula matobolwa, vile viazi vyetu vikavu, tukanywa chai iliyopoa, ukaniringia kwamba wewe ndiye uliyetangulia. Wakati wa kushuka ukakaa chini. Mkokoteni wa ng'ombe ukakufikisha barabarani, pikapu ya pamba ikakufikisha hospitali. Siku ya pili ukaondoka. Nyumbani hukurudi kwa miguu yako.

Siku ya kuanua matanga nilisimama mbele ya kalenda na kalamu mkononi. Nilitaka kukuwekea alama, kisha nikairudisha kalamu mfukoni. Ningekuwa nimeandika tena lengo limefikiwa.

Lakini kuna jambo baya zaidi, nalo ndilo linaloninyima raha. Nilikuona. Pale kwenye jiwe kubwa, kabla hatujafika hata nusu, ulijishika kifua. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umebaki mlima mmoja tu, na mimi pia niliutaka. Nisamehe. Na wewe ulinificha, kwa hiyo nina hasira na wewe, na hasira hiyo sijui niipeleke wapi.

Juzi nilikwenda tena Kilima cha Nyuki. Jilala akanifuata na gunia lake, nikamwacha. Tulipofika kileleni alizunguka akigonga mawe, akachoka, akakaa. Akatazama bondeni muda mrefu. "Kumbe nyumba yangu inaonekana," akasema. Sururu hakuigusa tena.

Tulifika kwako jua likiwa bado juu. Mama Kulwa alikuwa uani anapepeta mtama. "Mwadila, mayu," nikamsalimu. Kabla hajaitikia vizuri, nikamwambia yote, la jiwe kubwa na la kifua. Nilimwambia nimesimama, sikuweza kukaa.

Aliweka ungo chini. Akasema, "Na mimi nilimwona asubuhi ile, akivaa viatu. Alijishika hapa. Nikamfungia matobolwa yake."

Tulilia, Masanja, watu wazima, mbele ya Jilala.

Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji. Akauliza kama zamani, "Mmerudi?" Nikapokea kata. Jilala ndiye aliyejibu nyuma yangu, "Tumerudi, mayu." Nikampa Mama Kulwa kalamu. Aliingia mwenyewe akaweka alama kwenye Desemba yako. Imepinda kidogo, usimcheke.

Mwaka huu nimeandika milima mitatu tu. Magoti yangu unayajua. Jilala anataka twende pamoja, anasema ni kwa ajili ya mazoezi, ila sururu bado anayo kwenye gunia. Nakuahidi mambo mawili. Sitaweka alama kwenye mlima ambao sijarudi kutoka huko. Na mwenzangu akijishika kifua, nitasimama, hata kama kilele kiko hatua kumi mbele.

Sasa pokea salamu zangu, na zile za Mama Kulwa. Vua viatu upumzike, rafiki yangu. Umerudi.