Maji ya Jumapili

Old Moshi,
Jumapili, 16 Agosti.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tarehe nimeiandika kwanza ili usiseme nilichelewa kwa uvivu, na kabla sijafika mbali nakuahidi kwamba leo nitakueleza yote, hata yale yanayonitia aibu. Mgongo wako unaendeleaje? Baraka amepona kile kikohozi? Mimi sijambo, nakula, nalala na nasoma. Wa hapa nao ni wazima.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya huko iko mfukoni mwa Baba na simu ya huku iko sebuleni kwa mama mdogo, na ninayotaka kusema hayamfai yeyote kati yao. Barua anakuletea yule mama anayeshusha ndizi soko la Kahe. Nimeahidiwa itafika mkononi mwako wewe mwenyewe.

Mama, nina wivu. Neno hilo nimeliandika na sikulifuta. Namwonea wivu Manka, binti wa baba mdogo, ninayelala naye chumba kimoja.

Ingekuwa rahisi kama hapa wangenitesa. Hawanitesi. Mama mdogo hunipimia maziwa kwa kikombe kilekile anachompimia bintiye, na baba mdogo, nikimwamkia, huniitikia kama mtoto wake wa kumzaa. Lakini kila ninapofumbua macho, kitu cha kwanza ninachosikia ni mfongo, ule mfereji unaopita nyuma ya jiko chini ya migomba. Unaongea usiku na mchana. Manka anasema unamkosesha usingizi. Mtu ananung'unikia maji! Mimi nikimsikia hivyo namwona Baba ameketi ukingoni mwa mfereji wetu, udongo umeota chumvi nyeupe kila upande, anasubiri zamu yake, na zamu inafika mfereji ukiwa mkavu.

Siku moja Manka alinikuta naoga kwa beseni nusu kama ulivyotuzoesha.

"Wa porini," akasema, "mbona unaoga kama paka?"

"Na wewe mbona unaoga mara mbili kama bata?"

Tulicheka wote. Nilipopanda kitandani nikagundua kwamba mimi sikuwa nimecheka sawasawa.

Tena kuna uwanja wa shule. Siku isiyo na mawingu, ukisimama pale unaiona tambarare yote ya Kahe, ya kahawia kama mkeka mkuukuu. Ukigeuka unakiona kilele cha Kibo, na barafu yake imebaki mabaka. Wenzangu hupiga kelele wakitazama juu. Mimi hutazama chini, nikibahatisha paa letu.

Mwalimu wetu wa Jiografia anatufundisha mabadiliko ya tabianchi. Alituambia kwamba hewa inayotoka viwandani, kwenye magari na kwenye misitu inayochomwa imeongeza joto la dunia, na kwamba waliochoma zaidi wako mbali sana nasi. Nikajikuta nawaonea wivu hata hao. Wao walipata treni na viwanda, sisi tumeletewa joto lake tu. Kisha akatupeleka ukingoni mwa msitu, akashika majani laini yaliyoning'inia kwenye tawi kama ndevu, akayaminya. Maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko chake.

"Mnadhani maji ya mfongo yanatoka kwenye barafu," alisema. "Sehemu kubwa inatoka hapa. Mvua na ukungu vinakamatwa na msitu huu. Barafu ikiisha tutasikitika. Msitu ukiisha, andaeni ndoo."

Usidhani huku juu hawajaguswa. Kahawa ya baba mdogo mwaka huu imechanua wakati si wake, na maua mengi yakapukutika. Miti ya shamba la chini ameing'oa, akapanda miparachichi. Ukungu uliokuwa ukishuka hadi mlangoni mwa kanisa siku hizi unaishia kule juu. Na mfongo wenyewe umepungua, maana mwezi uliopita nilianza kuona mawe ambayo sikuwahi kuyaona. Mama, nilipoyaona nilifurahi kidogo. Nilisema moyoni, sasa na nyie mtajua. Halafu mama mdogo akanituma nikachote maji ya kupikia, nikakaa muda mrefu kusubiri ndoo ijae, na furaha ile ikaisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Usiku tukilala, Manka hupenda nimsimulie habari za huko. Ndivyo nilivyomsimulia ule mwaka kabla sijaja huku, ulipopanda mahindi, mvua ikakatika na mchwa wakala mbegu; ukapanda tena, mvua ikakatika tena; zikabaki mbegu kidogo kwenye kibuyu. Nikamweleza ulivyotuita mimi na Baraka, ukatuuliza: "Tule au tupande?" Akageukia ukutani. Nilidhani amelala.

Kila kiangazi kinapokaza, watu wa huku hufanya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo, kisha hukaa kikao cha kupanga zamu. Safari hii mwenyekiti wa kijiji aliomba shule itoe mwanafunzi mmoja aeleze habari za tabianchi. Insha yangu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, Mwalimu alisema hivyo mbele ya darasa. Lakini aliyechaguliwa kuzungumza ni Manka, kwa kuwa ana sauti na haogopi watu. Mimi nikapewa jembe.

Tulizibua hadi jua likawa juu, kisha watu wakaketi kwenye majani, matope yakiwakaukia miguuni. Manka akasimama. Alianza na hewa, na msitu, na kahawa, akafanya vizuri. Halafu akasema, "Kuna mtoto mmoja wa tambarare." Nikahisi masikio yanapata moto. Akaeleza mvua iliyokatika, akaeleza mchwa, akaeleza kibuyu. Akakuigiza hata sauti yako, Mama, wewe ambaye amekuona mara mbili tu maishani mwake!

"Mama akawauliza: tule au tupande?" akasema Manka. "Na yule mtoto, njaa ikimuuma, akasimama akajibu: Tupande, Mama!"

Walipiga makofi. Mama mmoja alifuta macho kwa kanga. Nikawaza: wana maji, wana kahawa, wana kihamba cha babu, shamba la ukoo linalorithiwa na mtoto wa kwanza na wa mwisho, ambalo Baba alilikosa kwa kuwa alizaliwa katikati, na sasa wamechukua hata njaa yetu, wanaipigia makofi. Sikusimama kwa ushujaa, nataka ulijue hilo. Nilisimama kwa wivu.

"Samahanini," nikasema. "Mtoto huyo ni mimi. Na sikusema tupande. Nilisema tule."

Nyuma kuna mtu alicheka, akaacha.

"Sasa mlikula?" akauliza mzee mmoja.

"Mama aligawa. Nusu tulikula, nusu akapanda. Zilizopandwa zilifika magotini, zikawa zinasubiri maji ya mfereji. Hayakuja."

Mzee anayesimamia mfongo, ambaye wote humwita Meku, akaninyooshea kidole.

"Binti wa nani huyu?"

Baba mdogo alikuwa akikwangua tope kwenye jembe lake. Alikwangua hadi likawa safi ndipo akajibu, "Wa kaka yangu. Yule aliyeshuka."

"Aaa, aliyeshuka!" Meku akatikisa kichwa. "Yule alikuwa akiingia ndani ya mfongo wakati wenzake wamesimama ukingoni wanatoa maelekezo. Hatujapata mzibuaji mwingine kama yule."

Kisha mama mmoja mwenye shamba kubwa la migomba akasema, "Meku, tusidanganyane. Huruma ninayo, lakini migomba yangu mwenyewe imeinama kama imefiwa. Nitoe maji gani?"

"Jumapili unamwagilia?"

"Jumapili? Mimi ni mtu wa kanisa!"

"Basi Jumapili maji yakipita kwako yanakwenda wapi?"

Yule mama akageuka kuwatazama majirani zake.

"Yanazurura," mtu akajibu kutoka nyuma.

"Hata ibadani hayaendi!" akadakia mwingine, na kikao kizima kikaangua kicheko.

Ni kweli, Mama. Huku hakuna mtu anayegusa jembe siku ya Bwana, lakini mfongo hawaufungi. Siku nzima maji yanazunguka vihambani na kuishia kwenye vichaka, na sisi huko tunachimba mchanga wa mto. Hawakufanya kwa ubaya. Hawakuwahi kufikiri tu. Wapo walionung'unika, lakini waliposimama walikuwa wamekubaliana: kila Jumamosi jioni banio, pale mfongo unapochukua maji ya mto, linafungwa na maji yanaachwa mtoni, hadi Jumatatu alfajiri, mpaka vuli ianze. Mwenyekiti akampigia mwenzake wa huko palepale. Wakapatana zamu ya kwanza waanze na shamba la mwisho wa mfereji, ambalo daima hukosa. Hilo ni letu.

Tukiwa njiani kurudi, Manka alitangulia mbele, akanisubiri kwenye daraja la miti.

"Nilitaka uonekane shujaa," akasema.

"Sikukuomba."

"Basi siku nyingine uhutubie wewe."

"Nitahutubia."

"Utaweza? Magoti yalikuwa yanakutetemeka, nimeyaona."

"Yalikuwa yanatetemeka kwa hasira."

Akacheka, na mimi nikacheka, safari hii sawasawa. Lakini usidhani yameisha. Kesho yake Mwalimu alitangaza mwanafunzi atakayekwenda Moshi mjini kuzungumza kwenye mkutano wa watumiaji maji wa bonde zima. Ni Manka. Mimi nimeambiwa nimwandikie hotuba. Nimeiandika, na mahali pa kibuyu nimeandika "tule" kwa herufi kubwa.

Jana jioni tulikwenda banioni na Meku na baba mdogo. Meku alituonyesha namna ya kulaza vigogo vya migomba, kisha mawe, kisha mabonge ya nyasi yenye udongo wake. Mimi nilishika mwisho mmoja wa kigogo, Manka akashika mwingine. Aliyebeba mawe mengi ni baba mdogo. Mfongo ukaanza kupungua, ukanyamaza. Maji yakageuka, yakarukia mtoni, yakashuka kati ya mawe kwa haraka kama watoto waliofunguliwa shule.

Nilibaki nayatazama. Mama, niliyaonea wivu hata hayo maji. Yatapita chini ya barabara, yatapita mashamba ya watu wote, yatafika hadi mlangoni kwako, na mimi nitabaki huku hadi Desemba.

Usiku Manka hakulala. "Kuko kimya mno," alisema. Mimi nililala kama mfu.

Leo nimekaa kanisani mwili tu. Nilikuwa nikikadiria yamefika wapi. Na ndipo likanijia jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kwenye kikao, wala mimi. Maji yanafika kwetu Jumapili. Na Baba ni mtoto wa huku. Jumapili hashiki jembe, na bila jembe maji hayafunguliwi yaingie shambani; hata mbuzi akiingia kwenye mboga hutumwa Baraka kumfukuza. Nilimuuliza mwinjilisti baada ya ibada. Alitabasamu akasema hilo nimwachie Baba apatane na Mungu wake.

Tena si Jumapili pekee. Nakumbuka mkungu wa ndizi niliokuja nao likizo ya Juni. Baba alipojua umetoka kihambani kwa mdogo wake aliusukuma kwa mguu, akasema upelekwe kwa jirani. Tulikula ugali mtupu jioni ile, na harufu ya ndizi za jirani ikatufikia hadi uani. Wakati ule sikumwelewa. Sasa namwelewa kuliko mtu yeyote, kwa kuwa nimeishi miezi yote hii na kitu hichohicho kifuani. Ndiyo maana naogopa. Mimi ningeweza kuyaacha maji yapite, Mama. Ningeweza kabisa, nikiyatazama.

Mweleze alichosema Meku, kwamba hawajapata mzibuaji mwingine kama yeye. Mweleze kilisemwa mbele ya watu wote. Habari za mawe aliyobeba baba mdogo mweleze pia, lakini subiri kwanza ashibe.

Nisalimie Bibi mzaa mama, mwambie ile shuka aliyonipa bado naitumia, baridi ya huku haina mchezo. Nisalimie shangazi anayeuza vitunguu, na jirani aliyekula ndizi zetu, mwambie simchukii sana. Baraka mwambie nimemwekea kalamu mbili. Baba mpe shikamoo yangu, nzima, isiyopungua.

Siku atakayokuletea barua hii, mama muuza ndizi ataondoka sokoni jioni. Tafadhali usimwache apande kurudi huku mikono mitupu, hata ukiandika mstari mmoja nyuma ya bahasha hii hii itanitosha.

Ni mimi mwanao, Haika, na ninachotaka kujua ni kimoja: maji yalipofika mwisho wa mfereji wetu leo, Baba alifungua?