Kukhu, Nyota wa Filamu ya Mikono Michafu

Bungoma, Jumapili jioni

Sasa Shiru,

Nisalimie Kitale, hata yule jogoo wako mwenye kiherehere. Huku mvua inanyesha kila alasiri na kuku wanaisha.

Leo nimekula kwa Kukhu Nasimiyu, nyanya ya mwenyeji wangu. Usicheke, huyu alikuwa nyota wa filamu! Enzi za mkoloni, gari la serikali lilizunguka sokoni likionyesha picha zisizo na sauti, na humo Kukhu, akiwa msichana, aliigiza mke mchafu anayepika bila kunawa. Watu wakaamini. Kutoka Cheptais hadi Lwakhakha hakuna aliyegusa chai yake, ikabidi aolewe Naitiri, ambako gari halikufika. Baadaye akaingia michezo ya kanisa. Kila Krismasi wakampa awe shetani.

Mpaka leo, kabla ya kuwapakulia wageni, ananawa mbele yao, polepole, sabuni hadi viwikoni, kama yuko jukwaani. Tukapiga makofi, bana. Nikamwonea huruma: picha moja tu, na jina likaharibika maisha yote.

Nilipokwisha kula nikamfuata jikoni kumpa pole. Nikamkuta anaonja mchuzi, analamba mwiko, anaurudisha sufuriani.

"Pole ya nini?" akaniuliza. "Ati niliigiza? Yule mzungu wa kamera aliniambia tu, pika vile wewe hupika."

Shiru wangu, nimekukumbuka sana. Liombee tumbo langu, maana nilikuwa nimeongezwa mchuzi mara mbili.

Wako,
Chebet