Sakaio Bado Yuko Zamu

Apia

Mpendwa Mama Lusia,

Pokea salamu zangu huko mlimani kwa dada yako. Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila usingizi ndio umenikimbia. Watoto wanakusalimu, na yule mdogo anauliza ni lini utampikia tena palusami. Simu za upande wenu bado hazishiki, ndiyo maana nampa mchungaji barua hii aje nayo huko.

Unaijua kazi tuliyokuwa tukifanya na marehemu Sakaio, mwanao. Kompyuta yetu inapokea vipimo vya bahari, na amri kadhaa zimeunganishwa kama bomba, kila moja inachuja namba na kuipa inayofuata, hadi ya mwisho itoe onyo kwa vijiji. Siku ile maji yalipokuja, asubuhi yake bomba lilikwama. Halikutoa kosa wala neno, kioo cheusi tu na alama ya kuandikia inayopepesa. Nikazijaribu amri mojamoja, zote nzima. Nikiziunganisha, kimya.

Mwishowe nikatafuta nani ameshika bomba upande wa juu, maana amri ya chini haimalizi kazi mpaka wote wa juu waachie. Alikuwepo mmoja. Jina lilikuwa Sakaio. Mama, nililisoma mara mbili. Tulikuwa tumemzika tangu mwaka jana, kabla ya sikukuu ya kanisa ya Jumapili ya Watoto.

Nikamwita Bi Temukisa, mkuu wetu. Akasema mashine haijazimwa tangu enzi za mwanao, kwa hiyo ni kazi yake aliyoiacha wazi, hakuna la ajabu. Aliponiona nimeganda akanicheka, akauliza kama naogopa kompyuta au namwogopa Sakaio.

"Kata, Ropati," akasema. "Marehemu hana zamu."

Nikakata. Yaliyokwama yakamwagika, namba juu ya namba, na katikati yake mstari mmoja wa maneno: Mama asilale nyumbani leo.

Bi Temukisa akasema huenda Sakaio aliuandika wakati wa kimbunga cha mwaka juzi. Huenda. Ndipo nilipokupigia nikisema vipimo vinaonyesha bahari inapanda, nikakung'ang'ania mpaka ukakubali kupanda kwa dada yako. Nilikudanganya, Mama. Vipimo vilionyesha bahari imetulia. Usiku huohuo nyumba yako ikaenda na maji, likabaki kaburi la Sakaio hapo mbele.

Baadaye nililifuta jina lake kwenye mashine kwa mikono yangu mwenyewe. Leo asubuhi bomba limekwama tena, na aliyelishika ni yeye. Safari hii Bi Temukisa hacheki. Nasikia unapanga kushuka Jumapili kusafisha kaburi. Nakuomba, Mama, usishuke. Nikimaliza barua hii nakwenda kukata tena, na naogopa kusoma kitakachotoka.

Nisalimie dada yako na wote waliokupokea. Mungu akuweke hukohuko juu.

Ni mimi niliyekula kwako kama mwanao,
Ropati