Huku Hakuna wa Kuniangalizia Nyuma

Merrylands, Sydney
Jumapili, 24 Oktoba 2021

Mpendwa Mjomba Balagizi,

Shikamoo mjomba. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Spéciose aliniambia mvua zikianza tu linakusumbua, na kwamba kambini watu wanakohoa sana siku hizi. Tafadhali vaa barakoa hata wakikucheka. Na chanjo, mmeshapata au bado mnazungushwa?

Sisi ni wazima, namshukuru Mungu. Mimi na Prince tumechoma sindano zote mbili, mkono uliniuma siku mbili basi. Ketsia ana miaka minne sasa. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, lakini anakujibu Kiingereza. Ukimgombeza ndiyo kabisa, Kiingereza kinaongezeka.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu vidole vyangu vinakosea. Nitaipiga picha nimtumie binti yako akusomee. Spéciose, dada yangu, soma yote, usiruke pale ninapomlaumu baba yako.

Mjomba, nina hasira mpaka nalia jikoni. Hasira yenyewe ni ya kupaki gari! Usicheke, bado.

Kuna kampuni imenikubali kuhudumia wazee majumbani kwao. Kuwaogesha, kuwapikia chai, kukaa nao kidogo. Wawili wako Auburn, mmoja yuko mbali kule Rooty Hill, na kwa treni na mabasi siwezi kuwafikia wote asubuhi moja. Kwa hiyo bila leseni hakuna kazi. Nafasi yangu wananishikia mpaka mwisho wa Novemba tu. Sasa hivi nafua mashuka kwenye chumba cha chini cha nyumba ya kutunzia wazee, mashine sita zinanguruma, sioni uso wa mzee hata mmoja. Unanijua mimi, nilimtunza Bibi mpaka mwisho. Nataka kuona nyuso.

Kwenda mbele najua. Taa najua, vibao najua. Kinachonishinda ni kurudi nyuma, na kwenye mtihani wa huku lazima uingize gari kinyumenyume katikati ya magari mawili yaliyosimama, bila kugusa ukingo wa barabara.

Na watu wa nchi hii wenyewe hawajaamua! Pale kwenye maduka kuna kibao kinaamuru uingize nyuma kwanza. Mtaa wa pili kibao kinaamuru uingize pua kwanza. Kwenye haya maghorofa yetu ni pua tu, ili moshi usiingie kwa wa chini. Kwenye ghala anakofanya kazi Prince ni nyuma tu, eti moto ukiwaka kila mtu atoke mbio. Halafu huyo huyo Prince akifika hapa na mimi niko naye anasema, "Mama Ketsia, ingiza pua tulale. Kuingia ni kwetu, kutoka ni kwa Mungu." Asubuhi anatoka kinyumenyume anakwangua pipa la taka, halafu ananiuliza pipa nani kalisogeza.

Sasa nikwambie lililonikuta mwezi wa sita. Hapa ndipo ninapokulaumu.

Mjomba, wewe ndiye uliyekuwa unayaita malori yakirudi nyuma pale ghala la chakula. Sisi watoto tuliijua sauti yako kuliko kengele ya shule. "Njoo, njoo, njoo, kata kulia, njoo... HAPO!" Halafu makofi mawili kwenye bodi. Mimi nimekua nikijua hivyo, kwamba dereva mwenye akili harudi nyuma kabla mtu hajasimama kumwangalizia. Anayerudi peke yake ni mlevi au mwizi.

Basi siku ya mtihani, yule mama wa ofisi ya leseni amekaa pembeni yangu na kalamu yake, ananiambia nipaki. Naangalia kioo, namwona nani? Mama Chibalonza wa kanisani kwetu, anatoka sokoni na mifuko yake. Nikajua Mungu amenitumia mtu. Nikashusha dirisha nikaita, "Mama! Niangalizie nyuma!"

Na yeye si mtu wa kuombwa mara mbili. Akaweka mifuko chini palepale. "Njoo mwanangu! Njoo! Wee, kata! Kata nasema! HAPO!" Akapiga bodi makofi mawili, yule mama wa kalamu akaruka kwenye kiti.

Gari liliingia vizuri, mjomba. Sijawahi kupaki vizuri namna ile. Nikageuka natabasamu, nikakuta mwenzangu anaandika tu. Nimeanguka. Eti mtihani ni wangu, siyo wa mama aliyeko barabarani. Mimi nilidhani ninamwonyesha nilivyo mwangalifu!

Kanisani mpaka leo wananitania. Nikishuka tu kwenye gari: "Dada Honorine, tukuangalizie?" Prince anacheka na wao. Siku ile sikumpikia.

Nikapanga mtihani mwingine, zikapita siku chache tu, korona ikafunga kila kitu. Mitihani ikasimamishwa. Miezi minne gari limekaa, helikopta ya polisi inapita juu, mimi nafua mashuka nahesabu wiki.

Aliyenisaidia ni jirani, Mzee Rufus, Mwaustralia wa miaka sabini na kitu. Ana karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari. Alitaka kuzunguka nayo nchi nzima, safari ikafa. Kwa hiyo kila Jumamosi anaitoa nje, halafu anairudisha uani kinyumenyume, polepole, kidole kimoja kwenye usukani, hakuna wa kumwita. Nilisimama kwenye uzio nikamtazama kama sinema. Akaniambia, yeye na barakoa yake huko mbali, kwamba kioo ndicho mtu wangu wa nyuma. Nikiona tairi la gari la pembeni kwenye kioo, nisimame. Nikate usukani wote. Nisiwe na haraka.

Nimejaribu kwenye uwanja wetu huu mara mia. Mara tisini nilitoka nje nikapiga teke tairi.

Lakini jana, mjomba, liliingia mara ya kwanza. Limenyooka. Nilikuwa bado sijazima gari, nikasikia Ketsia nyuma, amefungwa mkanda kwenye kiti chake, anasema, "Njoo, njoo, njoo... HAPO!" Akapiga kiti makofi mawili. Kwa Kiswahili! Kumbe siku zote hizo nimekuwa nikijiita kwa sauti mwenyewe bila kujua, na mtoto ameshika.

Mtihani ni Alhamisi ya tarehe nne. Ketsia hatakuwepo nyuma, na Mama Chibalonza nimemwomba abaki nyumbani kwake. Nitajiita mwenyewe, kimyakimya. Barakoa itanifunika mdomo, mama wa kalamu hataona kitu. Kwenu mtakuwa mmelala saa hizo. Usiamke kuniombea, goti lako linahitaji kupumzika. Sauti yako ninayo.

Nisalimie Spéciose na watoto wake, mama Nibigira jirani yenu, na wote wa ghalani wanaonikumbuka. Prince anakuamkia, Ketsia anakutumia busu. Mungu akulinde mbele, na nyuma akuangalizie.

Mimi mpwa wako nikupendaye sana,
Honorine