Mandolini kwa Vidole Vinne

Jumamosi, 3 Mei

Somo la tatu la mandolini. Mvua tangu alfajiri, milima haionekani kabisa, nimefika viatu vimejaa tope. Mazoezi yale yale: kupanda na sauti, kushuka, kupanda tena. Mama mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, karani wa masjala, naimbishwa kama mtoto wa chekechea.

Mwalimu Elisha ni kijana wa fidla. Anafundisha kwaya ya kanisani kwao, na wachache kama mimi kwenye chumba cha uani kwake, Kihonda. Anasema mandolini na fidla ni ndugu, nyuzi zinakazwa kwa sauti zile zile. Ana adabu. Ananiamkia, ananipa kiti kisichoyumba, halafu ananikosoa bila huruma.

Leo kaniuliza kwa nini nakunja vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Nikamjibu kwamba mandolini ndivyo inavyopigwa. Akacheka kidogo, akaomba radhi. Nimeudhika mpaka nyumbani.

Jumapili, 4 Mei

Jibu limenijia nikiosha vyombo. Mjinga mimi. Baba hakuwa na vidole hivyo.

Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ilivichukua shambani huko upande wa Ngerengere kabla sijazaliwa. Nimekua nauona mkono ule kila siku. Kwangu ulikuwa mkono wa Baba tu, haukupungukiwa kitu. Alipofariki nikachukua mandolini yake, nikajifundisha mwenyewe kwa kukumbuka: alikaa hivi, alishika hivi. Miaka kumi na tisa nakunja vidole vizima!

Nimecheka peke yangu. Halafu nimelia, sufuria mkononi.

Jumatano, 7 Mei

Mama kashuka kutoka Kinole kwa ajili ya macho. Atatolewa mtoto wa jicho, na mpaka hapo atakaa kwangu. Baada ya chakula cha mchana nikachukua mandolini. Akasimama, akapapasa ukuta, akatoka uani. Kama kawaida yake. Hajawahi hata siku moja kukaa nikipiga.

Nadhani napiga vibaya na anaona haya kuniambia. Inaniuma.

Jumamosi, 10 Mei

Vidole vinne. Kile cha mwisho hakina akili, kinatetemeka, kinakwenda kinakotaka. Elisha anasema kitazoea.

Nikamwomba tufanye wimbo wa Baba. Ndio niliojia masomo, niupige vizuri kabla sijazeeka. Ni mmoja tu, sijui jina lake. Katikati pana mahali Baba alikuwa ananyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha anaendelea. Elisha akausikiliza mara mbili, akauchukua kwenye fidla, na pale pa kunyamaza akaweka sauti. Nikamwambia hapo pana kituo.

"Hapana, Mama," akaniambia taratibu. "Hapo pana sauti inayokosekana. Ni ya kidole cha mwisho."

Nikaipiga. Wimbo ukapita moja kwa moja, laini, mzuri. Nikauchukia.

Jumanne, 13 Mei

Nimetoka kazini mapema kujaribu kupiga kama zamani. Nimeshindwa. Vidole vinakunjuka vyenyewe, na kile kituo kinajazwa kabla sijakifikia. Somo moja tu! Nimeogopa kweli. Picha ya Baba ninayo moja, imefifia, sura haionekani vizuri. Kilichobaki ni ule mlio. Nikiupoteza, nimempoteza mara ya pili, na safari hii nimeyataka mwenyewe.

Nawaza kambi ya mkonge. Nyumba za mstari, bati zikilia kwa jua. Baba kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananuka mkonge hata baada ya kuoga, na wenzake wanakuja mmoja mmoja na vigoda vyao. Mimi miguuni kwake. Mama yuko jikoni, ametupa mgongo. Nilikuwa na furaha pale ambayo sijaipata tena popote, na watoto wangu nawapenda.

Jumamosi, 17 Mei

Sikwenda. Nimemwandikia Elisha kuwa naumwa. Akapiga simu kunipa pole, akaniambia ninywe vitu vya moto. Nimeona aibu. Ila siendi tena.

Jumatatu, 19 Mei

Niandike polepole, nisikosee.

Saa kumi jioni nilidhani Mama kalala. Nikachukua mandolini nijaribu tena kwa vidole viwili tu, kama zamani. Vingine vikakataa kukunjika. Basi nikaacha, nikaupiga wimbo wote kwa vinne, kwa hasira. Nilipogeuka Mama alikuwa amekaa mlangoni, kwenye mkeka. Hakutoka.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa anapiga kabla ya mashine, mwanangu," akasema.

Akanisimulia, na haikuwa desturi yake. Baba alimposa kwa wimbo ule. Ulikuwa haukatiki. Baada ya ajali alikaa mwaka mzima hagusi mandolini, kisha akaanza tena na vidole alivyobakiwa. Watu wakasifu. Mama hakuweza kusikiliza. Kila kikifika kile kimya, anauona mkono ukitoka kwenye mashine. Akakaa na jambo hilo jikoni miaka yote ili asimvunje moyo. Halafu nikaja mimi, na vidole vyangu vizima, nikamrudishia kimya kile kile.

Nimeona wivu, kusema kweli. Nilidhani Baba ninaye wote. Kumbe kuna mwingine, kijana, ambaye sikumjua.

Mama akaniambia nirudie.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda kwa Elisha. Nikamwambia sikuwa naumwa. Akasema alijua, akanisogezea kiti. Tukafanya wimbo wa Baba kwa vidole vinne. Kabla ya kuondoka nikaupiga mara moja kwa viwili, nimevibana vingine kwa makusudi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusahihisha.

Mawingu yameondoka. Mchana, nyumbani, nimempigia Mama wimbo ule kwa vidole vinne. Mara ya pili akaanza kuimba, sauti ndogo, ya kukwaruza. Maisha yangu yote sikujua kama wimbo ule una maneno. Ni ya Kiluguru, yanamtania msichana mwenye maringo anayekataa kupokewa mtungi wake. Mawili matatu sikuyaelewa, nikamuuliza. Akayarudia, mimi nikiandika.