Nilikata Simu Nikiwa Magotini

Mpendwa mshauri, Jaja, bibi yetu wa gazetini, naomba msaada wako, na ukimaliza kunisaidia unigombeze, maana nikigombezwa labda nitatulia, kwa sasa nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka narudi ndani kutafuta kitu ambacho sikijui.

Mimi ni msichana wa Nalufenya, hapa Jinja, kazi yangu kushona nguo, na mchumba wangu Norman ni askari, anakaa kambini hapa hapa Jinja, Kimaka, kwao Mbale. Wazee wake hawajaniona. Mila hainiruhusu kwenda kwao kabla wao hawajafika nyumbani kwa baba, Norman hana likizo ya kwenda kwao mpaka Desemba, na baba yake mkubwa, Mzee Mafabi, ambaye ndiye mwenye kauli, mguu unamsumbua, hawezi safari. Basi tukakubaliana kufanya mkutano kwa simu. Hapa Jinja kuna kijana anaitwa Fadhul, kwenye kibanda chake ana simu ya spika, unabonyeza tu na chumba kizima kinasikia, na kule Mbale, mtaa wa Namakwekwe, kwa Mutwalibu kuna nyingine kama hiyo, na bei yao si mbaya. Lugha ikawa Kiswahili, maana Kigisu sikijui na wao Kisoga hawakijui.

Siku yenyewe wazee wakajaa kwa Mutwalibu, mimi na Norman tuko kwa Fadhul, tukawasikia hata wakivuta viti. Mzee Mafabi akasema, "Haya, huyo mtoto atusalimie." Jaja, mimi nimelelewa. Nikapiga magoti pale chini, nikainamisha kichwa, nikasalimia kwa sauti ya adabu kama mama alivyonifunza, kisha nikangoja waitikie ndipo niinuke. Simu iko juu ya meza, mdomo wangu unaitazama sakafu. Hawakusikia kitu. Wao wakangoja salamu, mimi nikangoja jibu, na Norman akaogopa kuwaharakisha wazee, tukakaa hivyo mpaka magoti yakaanza kuuma. Mwisho Norman akatoka kumwita Fadhul akidhani mashine imezimika.

Nikabaki peke yangu. Ndipo nikamsikia shangazi yake, Nandutu, akisema, "Kumbe hata salamu wanaiuza huko Jinja?" Na Mzee Mafabi akamjibu, "Mwache kwanza, labda anachunguza kama tunafaa kusalimiwa." Wakacheka wote, Jaja, chumba kizima. Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza, nikaikata simu.

Norman na Fadhul walipoingia nikasema, "Imekatika yenyewe." Norman akamgeukia Fadhul, "Mashine yako mbovu, bwana!" Fadhul akasema, "Afande, hii mashine inasikia hata panya akitembea." Norman akasema, "Basi tukuletee panya waolewe nayo." Wakaachana kwa hasira, na sasa Norman anawaambia wenzake wote Kimaka wasiende kupiga simu pale.

Majuzi nilipita pale kibandani, nikamkuta Fadhul ameifungua ile simu yote, skrubu zake zimo kwenye kisahani cha chai, hakuna mteja hata mmoja, akaniuliza kwa upole, "Dada, siku ile ilikata kwa mlio, au ilinyamaza tu?" Nikamwambia sikumbuki. Nikafika nyumbani nikashona mkono wa gauni la mtu kwenye shingo.

Wazee wamesema watakaa tena mara moja, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa kumi, na nisiposikika basi hawatatuma watu kwa baba, mambo yaishie hapo. Norman anahangaika kutafuta mashine bora. Mara anasema tuazime simu ya mkononi ya Bruhan mfanyabiashara, ambayo ikilia hata dakika moja bei yake inakutoa jasho, mara anasema nirekodi salamu kwenye kaseti ipelekwe na basi, na sasa rafiki yake mmoja amemwambia kwamba Kampala iko ofisi yenye kompyuta, unakaa mbele yake na mtu wa mbali anakuona uso, kwa hiyo watajionea ninavyopiga magoti. Kwa hiyo kompyuta anataka kuuza mabati ambayo amekusanya miaka miwili ya kuezekea nyumba yetu. Kila jioni ananiuliza, "Wewe unaonaje, tuchague ipi?" na mimi nasema, "Yoyote utakayo." Anasema kwenye mkutano nikae kitini nipige kelele, lakini mama anasema kuwapigia wakwe kelele ukiwa umekaa kitini ni matusi. Jaja, niambie tuchukue chombo gani kisichotufilisi, na nifanyeje na hii siri, maana nikimwambia ataniacha na nisipomwambia tutaezeka nyumba kwa nyasi.

Ni mimi, asiyetulia, Nalufenya.

JAJA ANAJIBU

Mjukuu wangu, nimesomewa barua yako mara mbili, na mara ya pili nilimwambia msomaji arudie pale wazee walipocheka. Majina yenu nimeyabadilisha yote, kwa hiyo vuta pumzi.

Nianze na hao wazee. Kumcheka mtoto wa watu ambaye sauti yake hujaisikia, huo si uzee, ni kuota mvi tu. Ningekuwa mimi pale magotini, sijui kama ile simu ingebaki mezani. Ulipoikata uliumia, naelewa. Kosa la dakika moja hilo, Mungu analisahau kabla hujainuka.

Lakini wewe! Magoti ya kuwapigia wakwe unayo, mdomo wa kumwambia Fadhul "ni mimi" huna? Mtu anafungua mashine nzima, anatafuta ugonjwa ulioko kwenye kidole chako, unamwangalia unasema hukumbuki? Adabu gani hiyo ya kuinama mbele ya wakubwa na kumkanyaga mdogo anayekula kwa kibanda? Mama yako hakukufunza hivyo, usimsingizie.

Sasa vyombo. Simu ya mkononi inaingia sikio moja. Mchumba wako atasikia, wewe utabaki kumtazama mashavu ujue kama yanacheka au yananuna, na dakika zinakimbia. Hiyo ni ya mtu mmoja kumwita mwenzake, si ya mkutano. Kaseti ni nzuri kwa kumsalimia mgonjwa, lakini kaseti haiulizwi swali, na hao wana maswali. Kompyuta ya Kampala, sawa, utakaa mbele yake upige magoti vizuri. Wao watakuona kwenye nini? Namakwekwe iko kompyuta? Ama Mzee Mafabi atabebwa pamoja na mguu wake mpaka Kampala, na akifika Kampala si afadhali mngekutana naye hapa njiani, Jinja? Waume hawa, kitu kikiwa ghali wanadhani kina akili. Mabati yasiuzwe hata moja.

Rudini kwa Fadhul. Mashine yake ni nzima, na wewe unajua kuliko wote. Kilichokosekana ni akili ya kuitumia. Mwombe aishushe hiyo simu kutoka mezani, aiweke chini kwenye mkeka, mbele ya magoti yako. Waya usipofika, aiweke kwenye kigoda. Usimame kwa nini, ukae kitini kwa nini? Piga magoti yako kama ulivyolelewa, mdomo uelekee mashine, na sauti uitoe tumboni. Sauti kubwa si matusi. Matusi ni maneno.

Halafu simu haina macho, kwa hiyo mmoja wenu awe macho. Norman aseme kwa sauti, "Wazee, mtoto amepiga magoti, anawasalimia." Waonywe kule Mbale pia, mzee mmoja aitikie kwa niaba ya wote, ataje jina lake, si kila mtu aulize habari za ng'ombe na dakika zinalipiwa. Kukiwa kimya, ulizeni, "Mko hapo?" Kimya cha barazani ni heshima, kimya cha simu ni kama umekufa. Na ikikatika kweli, Jinja ndio wapige tena, Mbale wangoje, msipigiane wote mkakutana njiani.

Lakini hayo ni ya Jumamosi, na kabla ya Jumamosi una safari mbili. Ya kwanza kwa Fadhul, kwa sababu yeye ndiye uliyemwumiza bila kukukosea. Ya pili kwa mchumba wako. Mwambie ulichosikia na ulichofanya, usipunguze wala usipambe. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, ameaibisha mtu mwema kwa neno lako, naye atalazimika kurudi Kimaka kuwaambia wenzake alikosea, hilo ni chungu kwa askari. Akikuacha kwa sababu umesema kweli, mwanangu, njoo ulie kwangu, nitakupikia, utakula, utaishi. Akibaki, utakuwa na mume anayejua vidole vyako.

Na Jumamosi, ukishasalimia na wakaitikia, usinyanyuke haraka. Waambie, "Wazee wangu, siku ile niliwasikia mkicheka, nikaumia, nikakata simu. Nisameheni." Kisha ngoja. Utasikia viti vinasogezwa, mmoja atakohoa, shangazi atatafuta pa kuficha uso asipaone. Wacha watafute maneno, nao si watoto.

Ukishasomewa au ukishasoma haya, weka sindano chini. Nenda kibandani sasa hivi, kabla hujabadili nguo, kabla hujapata neno la kupamba. Mwambie kijana wa watu afunge skrubu zake.