Orvin na Mawe Mekundu

Shambani kwa Bi LaRue Ence,
Karibu na Torrey, Utah.
Februari 9, 1991

Dada yangu mpendwa Verlene,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku milimani. Natumaini zinakukuta ukiwa mzima, vidole vyako havijavimba tena kwa baridi, na shemeji Clayton ameacha kupanda juu ya paa kukwangua theluji kama tulivyomsihi sote. Mimi ni mzima. Orvin naye ni mzima, nadhani, ingawa siwezi kukuambia yuko wapi hasa saa hii ninapoandika. Hilo utalielewa ukisoma mbele. Usiruke kurasa, dada. Nakujua, barua unaisoma kama gazeti, unaanzia nyuma. Hii ianze mwanzo.

Unakumbuka hali ilivyokuwa nyumbani tangu malori yalipokuja Novemba kuchukua ng'ombe wetu tuliowauza. Magoti ya Orvin yalikuwa yamekwisha, daktari amesema, sote tukakubali. Lakini mtu aliyekamua asubuhi na jioni tangu utotoni humwambii tu kaa kitini. Alikuwa akifungua jokofu, analifunga, anakwenda dirishani, anarudi kulifungua tena. Alitengeneza bawaba ya mlango wa jikoni ambao haukuwa na ubaya wowote, mpaka ukaharibika kweli. Kila alfajiri alikwenda kusimama bandani peke yake. Ndipo wewe uliponiambia kanisani, mdomo umejaa keki, nimtoe mume wangu nje kabla lile banda halijammeza. Nilimfikishia wazo la safari nikijua atalikataa. Kesho yake akarudi kutoka mjini na ramani ya hifadhi zote za Utah, akaitandaza mezani juu ya vyombo vya chai.

Basi tulikwenda. Tulivuka Iowa na Nebraska na upepo wake, tukapanda Colorado nyuma ya gari la kumwaga chumvi, na siku tuliyoingia hifadhi ya Zion jua lilikuwa linawaka juu ya theluji hata macho yakauma. Kuta zile nyekundu, Verlene, zinapanda mpaka unapoteza kofia ukizitazama. Mto chini umeganda kingoni, na maji yanadondoka kutoka juu na kugeuka barafu kabla hayajafika. Nilikuwa bado natafuta glovu yangu ya pili Orvin aliposema, "Nimeona. Twende."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikwenda kila kituo cha kutazamia hivyohivyo: anaegesha, anashuka na magoti yake mabovu, anasimama ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa jina, kisha anarudi garini akisugua mikono. Mimi nilikuwa nashuka wakati yeye anapanda. Nilimwambia, "Orvin, mawe haya yamekaa hapa tangu kabla ya Nuhu. Hayakimbii." Akajibu kwamba mawe hayakimbii lakini siku zinakimbia, akawasha gari.

Nilimvumilia kwa sababu niliona ni majonzi. Nilijitahidi kumpoza. Kila tulipopita ng'ombe malishoni nilimwonyesha: tazama wale wekundu wenye nyuso nyeupe, mbona wamekonda mbavu, tazama yule anavyochechemea, mwenye mali amelala wapi? Yeye aliguna tu, macho barabarani, vidole vinapigapiga usukani. Jioni motelini nilimpigia simu jirani kuuliza kama mabomba ya bandani hayajaganda, ingawa hakuna anayekunywa maji yale sasa. Alfajiri tuliamka wote wawili. Alinikuta nimekaa kitandani nimeshavaa buti, akaniambia, "Lala, mama. Hakuna wa kukamua." Nikamwambia nimeamka kwa ajili yake.

Bryce ndiko tulikogombana. Huko kuna nguzo za mawe mekundu maelfu kwa maelfu zimesimama bondeni, na kila moja ilikuwa imevaa kofia ya theluji. Askari wa hifadhi, msichana mcheshi mwenye pua nyekundu, alitukodishia vyuma vya kufunga chini ya viatu tusiteleze, akatushauri tushuke taratibu, tule hukohuko chini. Orvin alishuka kama anafukuza fahali. Nilipomfikia alikuwa ameshageuka kupanda. Nikamwuliza, kama nilivyokuwa namwuliza kila mahali, je, hapa ndio mwisho au kuna pengine? Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akasema kuna pengine.

Kwenye mkahawa nilishindwa kujizuia. Nilimwambia mbele ya mhudumu kwamba amenisafirisha nusu ya Marekani kuja kutazama mgongo wake, na mgongo ule niliuona vya kutosha nyumbani. Yule mama mhudumu akacheka, akasema wa kwake anakoroma hata kwenye sinema. Orvin alilipa, akaenda kukaa garini na injini inanguruma. Hatukuzungumza mpaka siku iliyofuata.

Siku hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Barabara ya kwenda hifadhi ya Capitol Reef inapanda mlima mrefu wenye misonobari, na huko juu theluji ilianza kuja kwa ubavu, nzito, kama mtu anamwaga unga. Tuliteremka mwendo wa kinyonga. Chini kabisa, ambapo mashamba yanaanza, nilimwona mwanamke amesimama kando ya uzio anapunga mikono yote miwili. Nyuma yake mtamba mweusi, ng'ombe wa uzazi wa kwanza, alikuwa amelala chini, shingo imenyooka, na nilijua kabla Orvin hajakanyaga breki. Orvin alisema, "Marlys, hatuwajui hawa. Labda ana watu wake." Lakini mimi nilikuwa nimeshafungua mlango.

Huyo ndiye Bi LaRue. Ni mjane, mrefu kama mlingoti, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alisema mfanyakazi wake amemkimbia katikati ya msimu wa kuzaa, daktari wa mifugo yuko ng'ambo ya mlima, na barabara imeshafungwa. Ndama alikuwa ametanguliza mguu mmoja na pua. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika nyuma. Nilivua koti. Nilipiga magoti thelujini nikaingiza mkono mpaka begani, Verlene, nikamsukuma ndama arudi ndani kidogo, nikatafuta ule mguu huku mtamba akinibana mkono hadi nikaona nyota. Bi LaRue alishika kichwa cha mnyama akimwimbia wimbo wa kanisa. Orvin aliteremka hatimaye. Alishika turubai kutukinga upepo. Nilipoupata ule mguu nikaufunika kwato kwa kiganja nisichane mfuko wa uzazi, nikauvuta ukaja. Tukafunga kamba, tukavuta mtamba anaposukuma, tukapumzika anapopumzika. Ndama akatoka akateleza juu ya mapaja yangu, kimya, ulimi nje. Nikamsugua kwa koti langu zuri, lile ulilonipa wewe, unisamehe. Nikamchokonoa pua kwa unyasi. Akapiga chafya.

Nilikaa palepale kwenye damu na theluji nikalia kwa sauti. Bi LaRue alidhani nimeumia. Orvin alinitazama tu, turubai linampigapiga miguuni.

Tulilala hapa. Bi LaRue ni Mmormoni, dini yao inakataza kahawa, basi haimo nyumbani mwake hata ya kunusa, akatupa chokoleti ya moto na viazi vya jibini vya kuokwa. Alipokwenda kumtazama ndama, nikabaki na Orvin mbele ya jiko. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwambia kwa upole kwamba najua jinsi anavyowakumbuka ng'ombe wake, kwamba asione haya kulia.

Dada, alicheka. Mara ya kwanza tangu Novemba. Akasema, "Marlys, mimi siwakumbuki hata mmoja."

Aliniambia kwamba baba yake alipougua, yeye aliingizwa bandani akiwa mtoto wa shule na hakuna aliyemwuliza kama anapenda. Asubuhi ya kwanza baada ya malori kuondoka aliamka akajihisi mwepesi hata akaogopa. Aliona aibu. Ndiyo maana alikuwa akienda kusimama bandani, ili mimi nikichungulia dirishani nimwone ana huzuni kama inavyompasa mtu. Nikamwuliza, sasa mbona unakimbia hivi, hutulii popote? Alitazama mikono yake. "Kwa sababu kila tukisimama unaniuliza kama hapa ndio mwisho," akasema. "Najua siku moja utasema turudi, na ukisema nitageuza gari. Nilitaka nione nyingi kabla hujasema."

Kisha akaongeza taratibu sana, "Aliyekuwa analilia ng'ombe leo ni wewe, mama. Nadhani ni wewe siku zote."

Ni kweli, Verlene. Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza, na nimezunguka kama Orvin na mawe yake. Ni mimi. Naweza kukutajia wale ng'ombe mmoja mmoja walivyosimama kwenye mstari, na nani alipiga teke, na nani alitaka kuimbiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nawazalisha, hata Orvin alipokuwa na magoti mazima. Malori yalipoondoka watu wote walimpa Orvin pole. Wewe mwenyewe ulimkumbatia mlangoni mwa kanisa, halafu ukaniuliza mimi kama sasa nitapata nafasi ya kushona mapazia mapya. Sikulaumu. Hata mimi sikujiuliza. Niliyaita majonzi ya Orvin kwa sababu sikujua kuna mtu mwingine ndani ya nyumba anayeweza kuyabeba.

Asubuhi, wakati wa uji, Bi LaRue alisema ana mitamba wengi bado hawajazaa na hajui atafanyaje. Nikajisikia nikisema kwamba mimi nitabaki. Sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka kama ile chafya ya ndama. Orvin alikuwa anakoroga chokoleti yake ambayo ilishakorogwa siku nyingi. Akauliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka wa mwisho azae."

Akainuka, akatoka. Nilimwona kupitia dirisha anakwangua theluji kwenye kioo cha pikapu, kisha akashusha sanduku langu akaliweka barazani. Nikadhani nimeshamkosa. Aliporudi ndani alinibusu kwenye paji la uso mbele ya Bi LaRue, yeye Orvin Haugstad, ambaye hata siku ya harusi yetu alinishika mkono kana kwamba ananiuzia trekta. Akaniambia, "Ukitaka nirudi kesho, sema." Sikusema. Akaondoka kuelekea hifadhi ya Arches barabara ilipofunguliwa.

Tangu hapo sikai nikatulia. Nikiwa zizini nina furaha ambayo sikumbuki mara ya mwisho niliipata lini, na nikiingia ndani nasimama dirishani kutazama barabara. Sijui itakuwaje mitamba wakiisha. Yeye anataka kufika Grand Canyon, na baada ya hapo jangwani, na baada ya hapo kuona bahari. Mimi nimeanza kuwapa majina ng'ombe wasio wangu. Tumeoana miaka yote hii, na sasa ndiyo naona kwamba kila mmoja wetu alikuwa anaishi kwenye shamba la mwenzake. Bi LaRue anasema haoni tatizo, kwamba mume akiwa mbali anaoshwa na kila mvua anarudi msafi. Lakini wake alikufa, anaweza kusema chochote.

Jana alipiga simu kutoka kibanda cha simu mjini Moab, karibu na Arches. Orvin huyu unayemjua, ambaye kwenye simu husema "ndiyo" na "haya" na kukata. Alizungumza, Verlene. Aliniambia kuhusu tao la jiwe lililosimama peke yake ukingoni, theluji chini yake, na jinsi jua lilivyopita ndani yake likibadilisha rangi. Alisimama pale mchana mzima, mpaka mtu asiyemjua akaja kumwuliza kama ni mgonjwa. Nikamwuliza, na kesho unakwenda wapi? Akasema kesho anarudi palepale.

Nikaona wivu. Wivu wa jiwe! Nilitaka kumwambia arudi usiku uleule. Badala yake nikamwambia avae soksi mbili. Akauliza, "Na wako? Wangapi leo?" Nikamweleza wote, yule aliyekuja kwa matako, yule aliyekataa kunyonyesha, na akanisikiliza mpaka sarafu zikamwishia.

Sasa nakuomba mambo mawili. Kanisani wakiuliza, usiseme tumeachana, maana hatujaachana, na usiseme hatutaachana, maana hilo hata mimi silijui. Sema Marlys anazalisha na Orvin anatazama. La pili, usimtume Clayton kuja kunichukua. Najua ameshatazama matairi.

Nisalimie yeye sana na watoto wote, na mbwa wetu Pepper mmkwaruze nyuma ya masikio kwa niaba yangu. Bi LaRue anakusalimu pia ingawa hakujui. Na kama umenikasirikia, nikasirikie kwa barua ndefu, dada, kurasa mbele na nyuma. Jioni za huku ni pana, na nimechoka kusikiliza kama kuna gari linaingia.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye kama zamani,

Marlys